Siku Saba za Kubeba Takataka za Mkwe

Barua yangu ya posa ilikaa kwa shemeji yangu miezi minne bila jibu, kisha siku moja akanialika Japani.

Nieleze vizuri, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa, na sina hakika kama nimeelewa. Mimi ni Mkenya, Mluhya wa upande wa Bungoma, na nimeishi Kampala miaka kumi na mmoja nikitunza stoo ya watu wanaouza matairi. Mchumba wangu alikuwa Muganda, mkunga. Kaka yake anauza injini kuukuu kutoka Japani, na ni mdogo kwangu kwa miaka mitano. Kabla sijamjua dada nilimjua kaka. Kila Jumapili alasiri tulikutana Kamwokya, mtaa wa Kampala, tukala nyama ya kuchoma na kubishana juu ya mpira mpaka wenye meza za jirani wakahama. Mimi nilimwita shemeji, naye aliniita shemeji, na neno hilo lilitutosha wote wawili.

Kisha baba yao akafariki, na kwenye matanga ya mwisho ukoo ukamteua yeye kuwa mrithi. Nilikuwepo. Nilimwona akivishwa gome la mti lililopondwa likawa nguo, akashikishwa mkuki, akaketishwa. Dada zake wakampigia magoti mmoja mmoja, wakamsalimu kwa neno moja: taata, yaani baba. Mchumba wangu naye akapiga magoti. Jioni ile nilimtania kwamba kaka yake alipendeza na mkuki wake. Hakucheka.

"Ule si kaka tena," akaniambia. "Ule ni taata. Balua yako, yeye ndiye tasoma. Yeye ndiye tasema ndiyo ama hapana."

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika. Kwa Waganda mrithi hamwakilishi marehemu, ndiye marehemu aliyerudi kwenye kiti chake. Na kwetu sisi baba mkwe ni mtu wa kukaa naye mbali. Hulali naye chini ya paa moja. Kumwona uchi, au yeye kukuona wewe, ni mkosi ambao wazee hukutana kuutakasa. Shemeji, kwa upande mwingine, ni mtu wa utani, unaweza hata kumnyang'anya kofia. Sasa huyu alikuwa yupi? Kwa mila ya watu wake alikuwa baba. Kwa tarehe ya kuzaliwa alikuwa mtoto niliyemfundisha kuendesha gari. Nilipeleka barua, nikangoja. Jumapili zikapita. Kamwokya hakuja tena, nami sikuthubutu kumwita, kwa sababu baba mkwe haitwi kwenda kula nyama.

Halafu ikaja simu.

"Mimi naenda Japani kununua injini," alisema. "Kazi iko siku tatu. Halafu siku saba tunatembea na miguu, begi mgongoni. Kuja."

"Tunatembea kwenda wapi?"

"Kutembea tu, ssebo," akanijibu, kama mtu anayemwita mwenzake bwana.

Nilimweleza mchumba wangu. Akasema kama taata ananiita, niende. Nikakata shauri kwamba ni mtihani. Kule kwetu zamani mkwe mtarajiwa alipelekwa shambani kulima, watu wakikaa kivulini wakimtazama. Huyu wa kwangu ni mtu wa kisasa, atanipima kwa ndege. Nikaenda soko la Owino kununua mabegi mawili ya mtumba, makubwa, ya kubebea safari. Moja lilikuwa na maandishi ya Kijapani kwenye kifuniko. Hilo nikampa yeye, nikiamini ni la heshima zaidi. Kwenye treni ya kwanza kule Japani mzee mmoja aliyasoma maandishi yale, akalitazama begi, akamtazama mwenye begi, akacheka peke yake hadi akashuka. Nikaongeza jambo hilo kwenye orodha ya mambo nisiyoyaelewa.

Siku tatu za injini zilipita nikimngoja kwenye yadi nikishika tama. Siku ya nne tukatia mabegi mgongoni. Ugumu wa kwanza ulikuwa nimwiteje. Shemeji lilinikwama kooni. Baba halikutoka, mtu ana miaka thelathini na mmoja. Nikajifunza kuzungumza bila kumwita chochote, nikitanguliza kikohozi, na niliposahau lilinitoka "mzee." Kila nilipolisema alinitazama kama mtu aliyeonja chai isiyo na sukari, nami nikadhani nimekosea heshima, nikaongeza nyingine.

Ugumu wa pili ulikuwa takataka. Mji mzima hauna pipa barabarani. Ukinywa soda unarudi na chupa yako nyumbani, na sisi nyumbani kwetu kulikuwa Uganda. Siku ya kwanza ya kutembea alikula andazi la maharage matamu, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaninyooshea karatasi bila kusema neno. Nikaipokea kwa mikono miwili. Angekuwa shemeji ningemwambia, beba mwenyewe, una mfuko. Lakini je, kama ndio mtihani wenyewe? Nikaitia kwenye mfuko wa kando wa begi langu. Ikafuata chupa. Likafuata ganda la chungwa. Kufika jioni nilikuwa natembea nikichakarisha, na watu wenye adabu zao wananipisha njia.

Nyumba ya wageni ya kwanza ilikuwa kijijini, ya mbao, na mwenyeji alikuwa mama wa makamo. Alitupokea mlangoni akiwa amepiga magoti, akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Mimi nilitabasamu kwa kuona kitu cha Kampala mbali namna ile. Mwenzangu aligeuza uso.

"Hata huku?" alisema taratibu.

Sikumwelewa. Nilidhani amechoka.

Chumba kilikuwa kimoja, na magodoro mawili yalitandikwa sakafuni, yakigusana. Nilisimama nikiyatazama. Niliomba chumba kingine kwa vidole, na yule mama akanijibu kwa vidole kwamba hakuna. Ukutani kulikuwa na kabati la kuwekea matandiko, lenye mlango wa kuteleza. Nikapiga hesabu kwamba mlango ni mlango, na kilicho nyuma ya mlango ni chumba kingine, na paa la kabati si paa la nyumba. Nikaburuta godoro langu mle ndani, nikafunga, nikalala nimekunja magoti.

Asubuhi yule mama alikuja kukunja matandiko, akafungua kabati, akanikuta. Alitoa sauti ndogo. Kisha akainama akaniomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyeingia pasipo hodi, akafunga mlango polepole akiniacha mle ndani. Kwa nje nikamsikia mwenzangu akicheka. Alicheka kile kicheko cha Kamwokya, cha kujipigapiga paja, ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya mkuki. Nilipotoka alinyamaza ghafla, nami nikasema, "Samahani, mzee." Akaenda kufunga begi lake.

Kuoga ndiko kulikonishinda kabisa. Nyumba zile zina bwawa moja dogo la maji ya moto, na watu huingia pamoja, wanaume kwa wanaume, kama walivyozaliwa. Siku nne nilijipangusa kwa taulo bichi nikisingizia mafua. Yeye aliingia peke yake, akatoka peke yake, hakuniuliza.

Siku ya tano ya kutembea tulipita njia ya zamani ya milimani. Kila baada ya mwendo fulani pamefungwa kengele, na msafiri huivuta ili dubu asikie akae mbali. Yeye alizivuta zote kwa nguvu. Mimi nilisimama nyuma nikijiuliza kama nami nivute, au kama mkuu akishavuta amewavutia wote. Sikuvuta hata moja. Sasa nikifikiria naona nilikuwa mpumbavu, lakini siku ile nililichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa, na dubu wenyewe sikuwawaza.

Mchana mvua ikatushika, mvua ya baridi. Tulipofika kwenye nyumba ya wageni meno yalikuwa yanagongana. Mwenyeji, mzee mwembamba, alitutazama mara moja tu, akatupa taulo moja moja, akatusukuma mgongoni wote wawili hadi kwenye chumba cha bwawa, akafunga mlango. Shemeji yangu, au baba yangu, akavua, akajimwagia maji, akaingia. Mimi nikabaki na nguo zangu mlangoni, nimeupa ukuta uso.

"Wewe nafanya nini kwa mlango?" akauliza. "Ingia, balidi takuua."

"Siwezi."

"Kwa sababu ya nini?"

Nikapiga moyo konde. "Wewe ni baba mkwe wangu. Nilikuwepo. Nilikuona na mkuki."

Nikamsikia akijimwagia maji usoni. Maji yalikuwa yakidondoka mahali fulani.

"Toka siku ile," akasema, "hakuna mutu nabishana na mimi. Nikisema mupila, wote nakubali, hata kama nadanganya. Dada yangu napiga magoti. Mama yangu nauliza mimi, taata, naweza kuuza ile mbuzi? Mama yangu. Mimi nilikuwa naiba sukali yake."

Akasogea, maji yakapiga ukingo.

"Balua yako nimesoma mala mingi. Nikijibu, najibu kama taata. Basi, na wewe takuwa mutoto yangu. Halafu mimi nabaki na nani? Ndiyo nakuleta mbali, mahali hakuna mutu najua mimi. Na wewe toka Entebbe, mzee, mzee, leta nibebe. Nakupa takataka, nangoja utukane mimi. Wewe napokea na mikono miwili."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Siku zote zile nilijiona mimi ndiye ninayepimwa, kumbe mtu alikuwa anaomba. Nikamwonea huruma, halafu papo hapo nikaogopa, kwa sababu mila yangu haikuondoka kwa sababu tu yeye ana upweke.

"Nikiingia," nikauliza, "barua yangu itakuwaje?"

"Ukiingia, ukikataa, nitajibu ndiyo. Dada nakupenda. Lakini ukiingia, leo mimi niko shemeji."

Sikujua nishike lipi niache lipi. Kwetu ningeambiwa nikimbie. Mwishowe nilivua nikiwa nimempa mgongo, nikaingia kinyumenyume huku nikipapasa ukingo, nikakaa mgongo wangu ukitazama wake. Hakuna aliyemwona mwenzake, hilo naweza kuapa mbele ya wazee wowote. Maji yalichoma. Tulikaa hivyo, wanaume wawili wazima, kila mmoja akitazama ukuta wake.

"Ile timu yako," akasema baada ya kitambo, "hakuna kitu."

Nikamwambia yeye hajui mpira, hakuwahi kuujua. Tukabishana mpaka vidole vikanyauka kama zabibu kavu.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa bora kuliko zote. Akininyooshea karatasi, namnyooshea ganda la ndizi. Ikawa ndiyo kanuni: anayepokea lazima arudishe ya kwake papo hapo, kiganja kikiwa bado wazi, vinginevyo ameshindwa. Tulipeana takataka kwenye treni, kwenye ngazi za mahekalu, mbele ya polisi. Nililala kwenye godoro langu, nje ya kabati. Kengele zilizobaki tulizivuta kwa zamu.

Tulipotua Entebbe, kabla mlango wa ndege haujafunguliwa, alinishika bega. "Shemeji," akasema, "asante." Nje mchumba wangu na mama yao walikuwa wakitusubiri, wakampigia magoti, naye akawaitikia kwa sauti nzito nisiyoifahamu. Mimi nilibeba mabegi yote mawili.

Jibu la barua lilifika baada ya wiki mbili. Utambulisho, sherehe ya mkwe kujitambulisha ukweni, ukafanyika nyumbani kwao Luzira, juu ya bandari ya Port Bell, pale ambapo unaona meli ikimeza mabehewa ya treni. Wazee wangu walikuja kutoka Bungoma na kuku na vikapu. Jogoo wa shemeji, ambaye kwa mila yao hupewa kaka wa bibi harusi, alipokelewa na binamu yao, kijana nisiyemjua vizuri, kwa kuwa mwenye haki ya kumpokea alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba. Nilipelekwa mbele yake nikiwa na kanzu na koti, nikapiga magoti. Akasema mbele ya watu wote kwamba amenikubali kuwa mwanawe. Watu wakashangilia. Ndani yangu nilikuwa na furaha, na kitu kingine kilichokuwa kinaniuma.

Alikuwa ametafuna peremende wakati wa hotuba. Nikiwa bado magotini, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaninyooshea karatasi ya ile peremende. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Kiganja chake hakikufungwa. Kilibaki pale, wazi, mbele ya uso wangu. Mfukoni mwa koti nilikuwa na tiketi kuukuu ya treni, ya Japani, imekunjwakunjwa, na nilijua anachongoja. Lakini wazee wangu walikuwa nyuma yangu, na mama yake alikuwa kando yake, na mchumba wangu alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka akinitazama. Nikainamisha kichwa. Alingoja kidogo zaidi, kisha akafunga mkono, akageuka kuwasalimu wageni wengine.

Garini mke wangu aliniuliza taata alinipa nini. Nikamwambia ni karatasi tu, nikageukia dirishani, maana nilikuwa nalia.