Gari Linavuta Kushoto

Kama ningejua mgongo wangu utaishia hivi, ningejifunza kutengeneza malori. Kwenye lori fundi anasimama wima kama binadamu. Haya magari ya zamani ya Kiingereza, ya viti viwili, yamekaa chini mno, utadhani aliyeyabuni alikuwa na ugomvi na sisi mafundi. Ukitaka kuona chochote lazima ulale chali, na mimi kwa miaka yangu sitini na tatu, kabla sijalala chali natafuta kwanza cha kushika wakati wa kuinuka.

Yamebaki mawili tu kwenye karakana yangu, na wenye nayo ni mashemeji. La kwanza ni la mzee tunayemwita Bwana Dawa, kwa kuwa alisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka thelathini na minne. Ni dogo, la kijani, silinda nne, kabureta mbili, magurudumu ya spoku. La pili ni la kaka wa mkewe, karani mstaafu wa mahakama. Hilo ni jekundu, silinda sita, na boneti yake ni ndefu kuliko kitanda changu. Kila Jumamosi asubuhi wanaleta magari yao, wanavuta viti vya plastiki hadi kivulini, na kesi inafunguliwa.

Kesi ni ileile kwa miaka ishirini: gari lipi linashika barabara vizuri zaidi.

"Langu nalikatisha kona kwa kidole kimoja," Bwana Dawa husema. "Wewe la kwako ukitaka kukata kona lazima uliandikie barua wiki moja kabla."

"Afadhali mimi naandika barua. La kwako likipishana na basi tu, upepo unalihamisha njia."

"Linahama na linarudi. La kwako likihama, shemeji, tunalifuata mtaroni."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," Karani humalizia, kila mara, kwa sauti ya mtu anayegonga muhuri. Kisha wote wawili wananigeukia. "Fundi, sema wewe."

Mimi sisemi. Yote mawili yanavuja oili, na mimi ndiye ninayedeki sakafu. Siku nyingine, nisiwadanganye, natamani wahamie karakana nyingine wakapigie domo huko. Lakini kwa Bwana Dawa mdomo wangu una kufuli. Miaka tisa iliyopita mke wangu alikwenda dukani kwake kutafuta vidonge vya kichwa, akamnyima. Alimtazama tu na kumwambia, "Mama, hutaki vidonge, unataka kupimwa presha, tena leo." Alikuwa hivyo huyu mzee. Alikutazama kabla hujasema, na akishakutazama hukuwa na siri. Mke wangu yupo hai, ananigombeza mpaka leo, na ninajua ni kwa sababu ya nani.

Tena ni mtu wa unadhifu. Shati la mikono mirefu hata joto likiwaje, vifungo vyote vimefungwa, vya shingoni na vya mikononi. Kwa hiyo niliona, miezi miwili iliyopita, kwamba kifungo cha mkono wake wa kulia kiko wazi. Niliona nikanyamaza. Nilidhani kimekatika.

Wiki hiyohiyo akaniambia gia ya pili imekuwa ngumu. Nikafungua, nikabadilisha oili, nikaijaribu mwenyewe ikaingia kama kisu kwenye siagi. Jumamosi iliyofuata akasema klachi ni nzito. Nikalala chali, nikabadilisha mipira ya klachi, nikatoa hewa, nikainuka kwa awamu tatu. Ikawa nyepesi kwangu. Kwake bado nzito. Halafu akaja na la tatu, na hilo alilisema kwa sauti ya chini ili Karani asisikie.

"Fundi, linavuta kushoto."

Karani alisikia. Masikio ya mahakamani hayo. "Haa! Amekiri mwenyewe! Gari linavuta! Kesi imekwisha, mashahidi waende nyumbani."

Nilizungusha uzi kuanzia magurudumu ya nyuma hadi ya mbele, nikapima pande zote kwa rula, kama nilivyofundishwa na fundi wangu. Magurudumu yalikuwa yamenyooka. Nilibadilisha tairodi, vile vyuma vya usukani, ingawa zilikuwa bado nzima. Nilihamisha matairi, nikapima upepo, nikakagua breki kama inashika upande mmoja. Jumamosi tatu mfululizo. Mzee akarudi na jibu lilelile, na mara ya mwisho pembeni ya gari kulikuwa na mchubuko mrefu wa chokaa, upande wa kushoto, wa ukuta wa lango lake.

Jana ilikuwa Jumamosi ya nne. Hakuketi. Alisimama karibu na gari akalipapasa boneti.

"Niambie kweli, fundi. Kama limechoka, nitaliegesha lipumzike. Lakini nisife nikiwa nimebishana miaka ishirini kwa ajili ya gari bovu."

Hilo ndilo lililokuwa likimuuma. Si ukuta, si rangi iliyokwaruzika. Aliogopa kwamba shemeji yake alikuwa na haki muda wote.

"Twende barabarani," nikamwambia. "Naendesha mimi kwanza."

Nyuma ya maghala kuna barabara iliyonyooka, haina magari asubuhi. Nilikoleza mwendo, nikaachia usukani, mikono yote miwili juu ya mapaja. Gari likaenda. Likaenda mbele moja kwa moja, kama limefungwa kwenye reli, hadi nilipolishika tena. Tukabadilishana viti.

Usukani wa gari hilo uko kulia, kwa hiyo nilikaa kushoto kwake, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mbele ya macho yangu. Kwenda gia ya pili alisukuma mara mbili, bega zima likifanya kazi ya kiganja. Aliporudisha mkono kwenye usukani haukuushika. Uliegemea tu, umening'inia, na uzito wake ukawa unaushusha usukani upande huo, pole pole. Gari likaanza kwenda kushoto. Yeye alikuwa anatazama mbele, hana habari.

Gia huingizwa kwa mkono wa kushoto. Klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Na kifungo cha mkono wa kulia hufungwa na mkono wa kushoto. Miezi miwili nilikuwa nalala chali chini ya gari zima, mgonjwa yuko juu, amekaa kwenye kiti. Nilijisikia mjinga, na roho iliniuma mpaka nikataka kumwacha aendeshe tu hadi nyumbani, nisiwe mimi wa kusema. Lakini lango lake lina ukuta, na barabara ina watoto.

"Simama kidogo, mzee."

Alisimama. Nikazima injini mimi mwenyewe.

"Gari halina kosa," nikasema. Nikaugusa mkono wake, pale usukanini. "Umeona kifungo chako?"

Alikitazama kifungo. Akaitazama gia, na chini, kwenye klachi. Hakuniuliza nina maana gani. Alinyoosha mikono yote miwili juu ya usukani, viganja juu, kama mtu anayepokea kitu, akafumba macho. Lazima aliwafanyisha hivyo watu wengi mbele ya kaunta yake, kila aliposhuku kiharusi.

"Nitazamie," akasema. "Upi unashuka?"

Nilisubiri, nikiomba Mungu ishuke yote au usishuke hata mmoja.

"Wa kushoto."

Akafumbua macho. "Kwa mteja ningeliona siku ya kwanza," akasema. "Mganga hajigangi." Injini ilikuwa ikitoa milio yake midogo ya kupoa. Akafungua mlango, akazunguka gari huku ameshikilia boneti, na kunisubiri nihamie kwenye usukani.

Karani alikuwa ametusubiri getini, mikono kiunoni, maneno yameshaiva. "Enhe! Hukumu imetoka? Linavuta au halivuti?"

"Muulize fundi," akasema Bwana Dawa kutoka kiti cha abiria.

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini nikatoa hukumu. "Gari hili limenyooka kuliko la kwako, Karani. Halina kosa hata moja."

"Umesikia?" akasema Bwana Dawa. "Hata moja."

Karani akafungua mdomo. Kisha akaona nani anashuka mlango upi. Akaona mkono ule ukihangaika na komeo, na mkono wa kulia ukivuka kifua kuusaidia. Yule mtu ana dada yake nyumbani kwa huyu mzee, na si mjinga. Uso wake ukabadilika.

"Basi umeshinda, shemeji," akasema. "Nimekubali. Ingia kwangu nikupeleke hospitali, dada atatukuta huko."

Bwana Dawa alikuwa ameapa mbele yangu, zamani, kwamba hatakaa kwenye lile gari jekundu akiwa na akili zake. Alilitazama. Akanikabidhi funguo kwa mkono wa kulia, na nikamsaidia kuinama na kuingia, kwa maana nalo liko chini vilevile. Nilimfunga mkanda. Nilimfunga na kile kifungo.

Karani aliondoa gari taratibu mno. Walipokata kona ya getini dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia Bwana Dawa akisema, "Unaona? Zito mbele. Nilikwambia."

Shemeji yake akapunguza mwendo zaidi.