Thangamani Wawili

Sheria ya makampuni ya India inatamka bayana, nasi hapa Coimbatore tunaiheshimu: mwanahisa akifa, hisa zake hazifi naye. Huwaendea warithi wake halali, na kampuni haina budi kuwaandika daftarini.

Nachimuthu alikufa mwezi wa Aprili, akiwa na nusu ya hisa za kampuni ya mashine za kusagia mchele aliyoianzisha na mdogo wake, Ponnusamy. Hakujaliwa mtoto na wazazi walishatangulia, hivyo mrithi alikuwa mmoja: mkewe, Thangamani, aliyesuka nyaya za mota katika karakana hiyo miaka ishirini na miwili na kuishi vyumba viwili vya uani. Matanga ya siku kumi na sita yalipokwisha, Ponnusamy alitangaza kwamba mkutano mkuu wa Septemba utaamua kuuza kiwanja chote, vyumba vya uani vikiwemo. Nusu ikipinga, azimio linaanguka. Ila anayepinga sharti jina lake liwe daftarini.

Hapo ndipo zilipoanza herufi. Kwetu mtu hana jina la ukoo; hutanguliza herufi ya baba, na mwanamke akiolewa huitua ya baba akajitwika ya mume. Hati ya warithi ilisema N. Thangamani. Kadi ya kodi, ya tangu usichana, ilisema C. Thangamani, kwa ajili ya baba yake, Chennimalai.

"Shemeji, mimi nakujua," alisema Ponnusamy. "Wali wako nimekula miaka yote. Lakini daftari halikujui. Humu mko wawili."

"Basi mwite huyo mwingine aje anisaidie vyombo."

"Usinitanie. Sheria ni sheria."

"Mwaka jana ulipotaka saini yangu ya mkopo wa benki, tulikuwa wangapi?"

Ponnusamy akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Thangamani akaenda ofisi ya wilaya. Njoo Jumatano. Jumatano ilikuwa sikukuu. Akarudi, muhuri haukuwa wenyewe. Akarudi tena, miguu imevimba, akakaa benchi lile lile hadi mfagizi akaanza kumwamkia kwa jina, bila herufi.

"Mama, andika hivi," karani alimwelekeza. "C. Thangamani, ambaye pia ni N. Thangamani."

"Pia? Mwanangu, mimi sijawahi kuwa pia."

Hata hivyo akaandika. Akaapa mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye. Tangazo likatoka katika gazeti la serikali, na tarehe ishirini na nane Septemba akamkabidhi Ponnusamy karatasi zote. Alipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema lazima bodi ikae kwanza.

Mkutano mkuu ulifanyika tarehe thelathini. Thangamani alikaa nje ya mlango, kwa kuwa asiye mwanahisa haingii, akasikia vikombe vya kahawa vikigongana. Bodi, yaani Ponnusamy na mkewe Valliammal, ilikaa tarehe tatu Oktoba na kuukubali urithi wake bila pingamizi lolote.

Sasa, akiwa mwanahisa kamili, alipewa nakala ya kumbukumbu za mkutano. Aliisoma akifunga masufuria kwa kamba. Uuzaji ulipita kwa kauli moja. Mkabala na jina la mwanahisa Nachimuthu imeandikwa: hakuhudhuria, hakutoa udhuru.