Mabakuli Manane ya Njia ya Kreta

Mimi ni mtu wa kushuku. Muuza nyanya akiniongezea moja juu ya fungu, naigeuza nione imeoza wapi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata mbinguni nitamdai malaika kitambulisho kabla sijaingia. Nilikuwa nacheka, lakini sikubadilika.

Kazi yangu hapa Karatu ni kufunga lanchi boksi za wageni wanaoshuka kreta ya Ngorongoro. Kila alfajiri ni paja la kuku, chapati, yai, ndizi na kipande cha keki. Kwa miaka mingi nilivipanga kwenye vyombo vya plastiki vya kutupa, na kando yake chupa ya maji na uma wa plastiki. Vikishatoka jikoni kwangu, mimi navyo basi. Sikuwahi kujiuliza vinaishia wapi.

Aliyeniletea wazo la kuachana navyo ni dereva wa kampuni niliyoipikia, mtu wa Daa, kijiji nilichozaliwa. Tulipata kipaimara siku moja. Asubuhi moja alisimama mlangoni pa jiko akisubiri chakula cha wageni wake, akasema, "Dada, haya maplastiki tuyaache bwana. Kule juu mbuzi wanayala. Nunua mabakuli ya stili, wageni wakimaliza nakurudishia, unaosha tu."

"Na wewe unapata nini hapo?"

"Sipati kitu."

Hapo ndipo shaka ilipoanza. Mtu hazunguki na wazo zuri hivyo bila sababu.

Hata hivyo nilinunua mabakuli, yenye mifuniko ya kubana. Kila moja nikalifunga kwa kipande cha kitenge, fundo juu. Maji yakawekwa kwenye dumu kubwa ndani ya gari, kila mgeni akajaza chupa yake mwenyewe. Wageni walipenda, wakapiga picha chakula kabla ya kukila. Mimi nikachukua rangi ya kucha, nikapaka kila bakuli doa jekundu chini ya kitako. Sikumwambia mtu.

Kiangazi kilipokolea, bakuli moja halikurudi. Wiki iliyofuata mawili. Mwisho yalikosekana manane, na yote yalitoka na gari la yule dereva wa Daa.

"Yako wapi?" nikamuuliza.

"Yapo, dada."

"Yapo wapi?"

"Sehemu salama. Yatarudi mvua ikinyesha." Alisema hivyo huku akiangalia tairi la gari.

Bakuli na mvua wapi na wapi? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Nilianza kupita kwa wauza chipsi nikigeuza vyombo vyao. Nilipoalikwa Daa kwenye ubatizo wa mjukuu wake, nilijitolea kuosha vyombo vyote vya sherehe ili nikague kabati. Mke wake alinishukuru hadi nikaona aibu, lakini nilikagua. Sikuona doa hata moja. Nikaamua kwamba ameshayauza.

Nikapiga simu ofisini kwao Arusha. Neno "mwizi" nililitamka mara moja tu, na nilijiona nimejizuia sana. Wiki iliyofuata gari lilikuja na dereva mwingine. Yule wa kwanza, nikaambiwa, amesimamishwa. Huyu mpya nilimhesabia mabakuli mbele ya macho yake, asubuhi na jioni.

Mvua zikaja, majani yakaota. Siku ya mnada alifika uani kwangu bibi mmoja wa Kimaasai, amebeba mzigo mgongoni kwa ukanda wa ngozi. Alikuwa ameniulizia kwa madereva pale geti la kuingilia kreta.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia kwa Kimaasai.

"Iko. Wewe ndiyo mama ya chakula ya wageni?"

"Ndiyo mimi."

"Nimeleta vyombo yako."

Akatua mzigo, akafungua shuka. Mabakuli manane, kila moja na kitenge chake, mafundo yamekazwa vizuri kuliko nilivyoyakaza mimi. Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofanya ni kuinua moja nitazame kitako. Doa lilikuwepo. Na bakuli lilikuwa zito. Nikafungua mfuniko, nikakuta samli. Yote manane yamejaa samli.

Akanieleza taratibu, akitafuta maneno. Dereva alikuwa akisimama karibu na boma lake akirudi kutoka kreta, anampa chakula ambacho wageni hawakukigusa. Zamani alikileta kwenye plastiki.

"Mbuzi yangu mbili ikakufa. Tukapasua tumbo, imejaa hiyo kitu. Nikamwambia usilete tena. Akaleta hii ya chuma, nzuri. Sasa chombo ya mtu narudisha tupu namna gani? Ng'ombe ilihama kufuata majani, maziwa hakuna. Nikamwambia ngojea mvua." Akanitazama. "Sasa mvua imekuja, yeye hapiti. Nimekaa barabarani siku nyingi. Anaumwa?"

Niliona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Nilijua habari hiyo ya chombo, nililelewa nayo. Bakuli la jirani lililoletwa na makande lilikaa kwetu Daa hata siku tatu, mama akisubiri kuku watage, kwa sababu kulirudisha tupu ni kumtukana mwenye nalo. Plastiki ndiyo iliyonisahaulisha. Nilikaa miaka nikitoa vyombo ambavyo hakuna mtu aliyetakiwa kunirudishia, nikasahau kwamba mtu anaweza kukaa na chombo chako kwa heshima.

"Amehama kazi," nikamwambia bibi.

Nilipiga tena simu Arusha. Bwana aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akasema dereva mwenyewe alikwishakiri kwamba alikuwa akisimama njiani kugawa chakula, na kampuni hairuhusu.

"Kwa hiyo hakuiba," nikasema.

"Hakuiba, mama. Ila utaratibu ni utaratibu."

Nikapika kuku, nikamweka kwenye bakuli moja kati ya yale manane, nikafunga kitenge, nikaenda Daa. Dereva alikuwa shambani akipalilia. Alikuja hadi kwenye ua, jembe mkononi.

"Nilikusema vibaya," nikamwambia. "Nisamehe."

"Uliniuliza yako wapi, nikakujibu yapo."

"Kwa nini hukunieleza yote?"

"Ungeniamini?"

Hakusubiri jibu langu. Alirudi kwenye mahindi yake. Mke wake alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akashukuru kama alivyonishukuru siku ile ya vyombo, akaingia nalo ndani.

Mabakuli mengine yanashuka kreta na kupanda kila siku, na gari la dereva mpya. Siku za mnada, nikimwona mtu wa Daa, macho yangu yanakwenda kwanza mikononi mwake. Sijaliulizia lile moja ambalo halijarudi. Miezi yote hii nimekuwa nikijiambia linangoja mahindi.

Wiki iliyopita Daa walimaliza kuvuna.