Kiti cha Kushoto

Gari nililinunua kwa safari zangu za kazini, lakini aliyelipenda zaidi alikuwa baba yangu. Lilikuwa gari dogo la umeme lililotumika Japani kabla ya kufika kwetu, la rangi ya maziwa, na ndani lilikuwa na viti vya kitambaa cha kijivu vilivyoshonwa kwa uzi wa buluu. Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Embu. Baba aliishi Kianjokoma, juu kwenye mashamba ya chai, peke yake tangu mama afariki. Wikendi nyingi nilipanda kwake, nikashuka Jumatatu asubuhi.

Siku ya kwanza alipoingia ndani yake alikaa kiti cha kushoto akashika kofia yake magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani na chifu. Nikabonyeza kitufe, skrini ikawaka, na sauti ya mwanamke ikasema jambo kwa Kijapani.

"Anasema nini?" akauliza.

"Sijui, Baba. Nafikiri anatusalimia."

"Basi tumjibu." Akainama kidogo mbele ya dashibodi. "Hatujambo, mami."

Tulipotoka langoni aliniuliza kama nimeliwasha. Nikamwambia atazame nje. Akaona migomba inarudi nyuma na hakuna sauti, akashika mpini wa mlango akaufinya. Ilimchukua safari kadhaa kuuzoea ule ukimya. Alipouzoea, akaanza kuzungumza garini zaidi kuliko alivyowahi kuzungumza nyumbani, kwa sababu hakuhitaji kupaza sauti.

Kilichomteka kabisa kilikuwa joto la kiti. Nyonga yake ilikuwa mbovu tangu alipoanguka na gunia la kahawa mgongoni, na Kianjokoma mwezi wa saba ukungu unashuka kutoka mlimani na kukaa tu. Kulikuwa na kitufe chenye picha ya kiti na mistari mitatu inayopanda kama moshi. Nilikibonyeza bila kumwambia. Baada ya muda akanigeukia.

"Mama," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Hiki kiti kina joto kama la ng'ombe aliyelala."

Toka hapo nikifika tu, kabla hata sijanywa chai, alikuwa anaingia garini. Nilichaji kwa waya uliopitia dirisha la jikoni, naye alikaa humo ndani, kiti kimelazwa nyuma, redio ya Kiembu ikiongea chini chini, kofia usoni. Peremende zake aliziweka kwenye kile kitundu cha kuwekea kikombe. Miwani aliiweka kwenye mfuko wa mlango. Jirani akipita anauliza kama mzee amehamia garini, naye anajibu kutoka chini ya kofia kwamba bado anatafuta mahali pa kuweka meko.

Asubuhi ile nilikuwa nampeleka kliniki ya presha, hospitalini mjini. Ukungu ulikuwa mzito. Nilimfunga mkanda, nikakilaza kiti anavyopenda, nikawasha joto. Alilalamika kwamba uji ulikuwa na sukari nyingi. Tulipopita kituo cha kuuzia majani ya chai akasema majani ya jirani yetu yamekomaa kupita kiasi na yatakataliwa. Halafu tukateremka, na mahali barabara inapokata kona, akasema, "Punguza, kuna mbuzi."

Nikapunguza. Mbuzi wakapita.

Kulikuwa na neno nililolibeba wikendi nzima. Nililisema tulipovuka daraja. "Baba, baridi ya mwaka huu imezidi. Njoo ukae na mimi mjini mpaka jua lirudi. Kuku nitamwomba shangazi awaangalie."

Hakunijibu. Macho yake yalikuwa yamefumbwa na uso wake umetulia. Baba hakuwa mtu wa kusema hapana. Akikataa jambo, ananyamaza mpaka uchoke, na mimi nilichoka upesi. "Sawa," nikasema, "nimeelewa." Nikaendesha hadi Embu nimekunja uso, gari likiteremka kimya, na kipimo cha chaji kikipanda kidogo kidogo kama kinavyofanya kwenye mteremko.

Hospitalini nilisimamisha gari karibu na mlango. "Tumefika, Baba." Nikamshika mkono. Ulikuwa na joto, basi nikamtikisa taratibu, kama unavyomwamsha mtu ambaye hutaki ashtuke. Kichwa kikaegemea dirishani, na hakikurudi.

Sikumbuki nilimwita nani. Nakumbuka daktari, msichana mdogo kuliko mimi, amepiga goti kwenye lami mlango ukiwa wazi, na vidole vyake shingoni mwa baba.

"Pole, dada," akasema. "Ameondoka kitambo. Ni huko njiani."

"Lakini ana joto," nikamwambia.

Akapitisha mkono nyuma ya mgongo wa baba, akaushikilia pale. Halafu akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau.

"Ni kiti," akasema.

Tulimzika karibu na mama. Kaka yangu alikuja kutoka Meru, akalizunguka gari akalitazama kupitia vioo, lakini hakulifungua. Aliniambia niliuze. Wazee wa kanisa waliliombea, mmoja ameweka kiganja juu ya paa. Niliwashukuru wote, na sikuliuza. Watu walidhani ni ukaidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kumwona mtu mwingine akivuta ule mpini wa pembeni na kukiinua kiti. Kilibaki kimelazwa vile vile. Peremende zilibaki pale zikanata kwa jua.

Na gari lile lina kumbukumbu yake. Usipozima joto la kiti kwa mkono wako, asubuhi ya baridi ukiliwasha, linakipasha lenyewe. Mimi sikuzima. Nilikuwa nikisubiri kuingia barabara kuu pale Kangaru, naweka kiganja kwenye kitambaa kile cha kijivu, nakuta joto la mtu. Nilijua ni waya, na bado nilikuwa nasema, "Habari ya asubuhi."

Wenzangu wa ofisini nikiwapa lifti, niliwaambia waketi nyuma. Walitania kwamba wamepata teksi. Mmoja alipotaka kukaa mbele, nilisema mkanda wa kule umeharibika. Alinitazama kupitia kioo kidogo, hakuuliza tena.

Lililonisumbua zaidi ni kile kipande cha barabara kutoka kwa mbuzi hadi darajani. Si mbali. Kuna kona mbili, duka la pembejeo na ukuta wa kanisa, basi. Pale kwa mbuzi alikuwa hai. Darajani sijui. Nilikwenda mara nyingi mchana, nikiendesha kwa mwendo ule ule, na kufika darajani nikauliza swali langu kwa sauti, halafu nikasikiliza. Gari lenye injini lingenisaidia kwa kelele. Hili lilinipa kila kitu: maji ya mto, plastiki ya dashibodi ikilia kwa jua, pumzi yangu mwenyewe. Nilitaka kujua kama alinisikia akanyamaza kwa hasira, au kama nilimkunjia uso marehemu. Sikuweza kuamua ni lipi baya zaidi.

Msimu wa baridi uliofuata, shangazi yangu, dada mdogo wa baba, aliomba nimshushe mjini kutazamwa macho. Nilisimama langoni kwake na kabla sijazunguka kumfungulia nyuma, alikuwa ameshafungua mlango wa kushoto na kuketi, kikapu mapajani.

Alikaa kidogo. Nikaondoa gari, na mbele kidogo akainuka nusu, akashika kiti kwa mkono.

"Nani ametoka hapa sasa hivi?"

"Hakuna mtu, tata," nikasema, kama tunavyowaita mashangazi kwetu.

"Kuna mtu alikuwa amekaa hapa."

Nikaegesha kando nikamweleza. Nilimweleza kitufe, mbuzi, daraja, swali langu, na maneno ya daktari ambayo sikuwa nimemwambia hata kaka. Nilipomaliza alinyamaza muda mrefu hivi kwamba niligeuka nikamshika mkono.

"Niko," akasema. "Nafikiria." Akapangusa kioo kwa ncha ya leso yake. "Angekataa. Mimi nimekula naye sufuria moja tangu utotoni. Hata kama angekuwa hai na kukusikia vizuri, angekataa, na wewe ungenuna, na mngefika hospitali mmenuniana. Mngepatana jioni. Hiyo jioni tu ndiyo mmekosa."

Nililia pale kando ya barabara, na alinisubiri bila kunikataza.

Baadaye akasema, "Sasa kizime. Kinanichoma." Nilibonyeza kile kitufe. Akatafuta mpini pembeni, akakiinua kiti mpaka akakaa wima kama kanisani, akaangalia mbele.

Tulipokaribia Manyatta akasema, "Baridi mwaka huu imezidi kweli. Na mimi hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda kukaa mjini."

Nikamuuliza.

"Nitafikiria," akasema, na kufika Embu alikuwa ameshaanza kuniuliza kama jikoni kwangu kuna chungu cha kupikia githeri au nimezoea vya kununua.

Alikaa kwangu mpaka jua liliporudi, akilalamika kwamba majirani wa juu wanatembea na viatu usiku. Gari bado ninalo, na watu huketi mbele. Ila nikiwa nateremka na aliye kando yangu akasinzia, siwezi kuvumilia. Namuuliza jambo lolote, bei ya parachichi au jina la mtoto wake, na asipojibu haraka namgusa mkono. Wengi hushtuka. Nawaomba msamaha, na naendelea kuwauliza.