Matairi Yaliyozeeka Kabla ya Kuisha

Kliniki yetu ya macho mjini Homa Bay ilipopewa karavani, nilitumwa mimi kwenda kuileta. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Wachimba visima kutoka ng'ambo walikuwa wameishi ndani yake, wakipika na kulala humo, na kazi ilipokwisha wakaiacha kwenye uwanja wa kanisa moja la Isebania. Sisi tulitaka kuifanya chumba cha kupimia macho na kuipeleka moja kwa moja Bonde la Lambwe, ambako watu walikwisha kuambiwa wakusanyike Alhamisi mchana. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Voi, na nyumba yenye magurudumu sikuwa nimeiona maishani. Nilikwenda kwa hamu kubwa.

Alhamisi, saa moja asubuhi, Isebania. Nilifungua kila mlango wa karavani ile: jiko dogo la gesi, meza iliyokunjuka ikawa kitanda, kabati za juu zenye komeo ili vyombo visimwagike njiani. Vitu vyetu nilivipanga nyuma, karibu na mlango, nisipate taabu ya kuvishusha: madumu ya maji, vitanda viwili vya chuma, sanduku la lenzi za kupimia. Dereva wetu, Mzee Okelo, alijaza matairi upepo kwa pampu ya mguu. Yalikuwa mawili tu, meusi, yenye meno marefu.

"Hii ni kama haijatembea," alisema.

Mlinzi wa kanisa alituambia karavani haikuwa imesogezwa kwa miaka mitano. Mimi niliona hiyo ni sifa.

Tulipofika Migori, Mzee Okelo aliegesha pikapu iliyoivuta karavani, akaenda kugusa matairi ya karavani kwa kiganja. La kushoto aliligusa mara mbili. Nikashuka nami kujaribu. La kulia lilikuwa na uvuguvugu. La kushoto lilikaribia kuniunguza.

"Mbona hivi?"

"Sijui, sista. Hapo mbele Uriri kuna mtu anajua."

Mtu huyo alikuwa mama wa makamo, mwenye aproni ya turubai, anayeziba pancha kando ya barabara. Mzee Okelo alimwita Min Atieno, yaani Mama Atieno. Walisalimiana kwa Kijaluo, kisha mama akachutama, akalibonyeza ubavu wa tairi la kushoto kwa bisibisi. Nyufa nyembamba zikafunguka, nyingi, zikizunguka tairi lote.

"Hii haijaisha, sista. Imezeeka."

"Lakini meno yake ni mapya," nilibisha.

"Meno haijafanya kazi. Mpira yenyewe ndiyo imekauka. Imesimama pahali moja, jua inachoma, mzigo imeikalia." Akanionyesha tarakimu tatu zilizochongwa ubavuni. "Mbili ni wiki ilitengenezwa. Hii ya mwisho, nane, ni mwaka. Lakini nane ya themanini ama ya sabini, tairi haisemi."

Nilipiga magoti na kuzisoma mwenyewe. Nilikuwa nimepanda magari miaka yote hiyo bila kujua kwamba tairi lina siku ya kuzaliwa. Nikamuuliza kama ana mengine.

"Saizi hii sina. Migori iko. Mngoje nusu siku."

Nikatazama saa. Niliwafikiria watu wa Lambwe, wengine wasioona, wakiongozwa kwa mkono tangu alfajiri. Mkuu wa safari nilikuwa mimi.

"Tutaenda polepole," nilisema.

Min Atieno alifuta bisibisi yake. Mzee Okelo alirudi kwenye usukani.

Tulikuwa tumepita Awendo, miwa pande zote mbili, niliposikia mlipuko. Pikapu ilivutwa kushoto, kisha kulia. Kwenye kioo niliiona karavani ikiyumba nyuma yetu, na mbele yetu mwanamke mmoja alitupa mtungi wake na kurukia mtaroni. Nilipiga kelele, "Kanyaga breki!" Mzee Okelo hakukanyaga. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, akaiacha gari ipunguze mwendo yenyewe mpaka tukasimama, gurudumu moja la karavani likiwa ndani ya miwa.

Mwanamke yule alikuwa mzima. Alinitukana sana, na nilistahili. Sanduku la lenzi lilikuwa limefunguka, theluthi ya lenzi vigae. Nilikaa chini nikaziokota moja moja.

Mzee Okelo alipata lori la kumrudisha Uriri. Jua lilikuwa linashuka aliporudi pamoja na Min Atieno na matairi mawili kutoka Migori. Mama hakuniambia "nilikwambia." Alitoa hata lile la kulia ambalo halikupasuka.

"Zimezaliwa pamoja," alisema.

Kisha akachungulia ndani. "Nani alipanga mzigo nyuma?"

"Ni mimi."

"Ndiyo maana ilitingisha mkia. Leta nzito katikati, juu ya magurudumu." Tukahamisha pamoja. Akaniagiza upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa bado baridi, na nati zikazwe tena baada ya mwendo kidogo. Tulilala Rongo.

Ijumaa adhuhuri, Lambwe. Waliobaki walikuwa tisa, wamelala kwenye kanisa la mabati. Mzee mmoja, Odhiambo, alikuwa ameondoka asubuhi hiyo na mjukuu wake. Jumamosi, baada ya kuwapima wengine kwa lenzi zilizosalia, nilimfuata kwake kwa miguu.

"Nilidhani ni zile ahadi za kila siku," aliniambia.

"Niliambiwa gari ni bovu nikakataa kusikia. Ndiyo maana nilichelewa."

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Basi umefika. Angalia."

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji.

Jumapili tulirudi Homa Bay, Mzee Odhiambo akiwa kiti cha mbele. Karavani tuliipandisha juu ya mawe, matairi yasikalie uzito, tukayafunika kwa magunia. Na tangu safari hiyo, kabla sijapanda chombo chochote, mimi huchutama kwanza pembeni ya magurudumu na sare yangu nyeupe. Madereva hunicheka. Huwangoja wamalize, kisha nawaomba wasogee kidogo, wananizibia mwanga.