Mwali wa Fakhria

Treni ya Dar es Salaam ilikuwa iondoke jioni, na Mzee Hamdun alikuwa bado hajasema ndiyo. Sanduku la binti yake lilikaa mlangoni tangu alfajiri, limefungwa kamba. Fakhria, mwalimu wa fizikia, alikuwa amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea usanifu wa satelaiti za kukusanya jua angani na kuleta umeme duniani. Bila ridhaa ya baba asingekanyaga stesheni.

"Nionyeshe nione," baba alikuwa amemwambia. "Maneno matupu yamenichosha."

Hivyo mchana ule wa mwaka 1974, katika ua wao mtaani Isevya, Fakhria alipanga vipande vya kioo juu ya ubao, vyote vikitupa mwanga kwenye birika jeusi la kahawa. Alois, mfuga nyuki aliyewaletea asali kutoka kijiji kipya cha ujamaa huko Ntalikwa, aliegemeza mzinga wake wa gome ukutani, akachuchumaa kutazama.

"Kule juu hakuna mawingu, na usiku ni nadra," Fakhria alisema. Mkono wake haukubanduka kwenye ubao, maana jua halisimami na vioo sharti vilifuate. "Mtambo utatuma nguvu chini kwa mawimbi, mpaka kwenye uwanja wa nyaya."

Birika likaanza kunong'ona. Hamdun akasogeza kigoda.

"Hodi!"

Alikuwa shangazi Semeni.

"Karibu, shangazi. Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu."

Fakhria akauacha ubao, akaenda kumpokea mlangoni. Shangazi hakatizwi: habari za nyumbani, za mgonjwa, za mbuzi aliyezaa pacha.

"Mwalimu! Moshi!" Alois akapaza sauti.

Mwali wa vioo ulikuwa umeliacha birika, ukatambaa ukutani, ukatua kwenye mzinga. Alois aliupigapiga kwa kofia yake. Likabaki doa jeusi, kubwa kama kiganja.

"Una bahati nyuki hawajahamia," alisema. "Wangekufukuza mpaka Dar bila tiketi."

Hamdun hakucheka. "Umeamkia mgeni mmoja tu, mzinga ukaungua. Na hicho chombo cha angani kikiteleza, kitaunguza nani?"

Fakhria akamtazama shangazi, aliyekuwa bado kizingitini.

"Shangazi, tusingekuitikia, ungeingia?"

"Niingie nyumba ya watu bila kuitikiwa? Mimi ng'ombe?"

"Basi nacho kitapiga hodi, baba. Uwanja wa chini utakiitikia wakati wote. Kisiposikia 'karibu', kitautawanya mwali uwe hafifu, usidhuru hata nyuki."

"Utaweza kukitengeneza?"

"Sijui. Ndicho ninachotaka kwenda kujifunza."

Hamdun akalitazama doa. Kisha akajimiminia kahawa, akaonja.

"Haijachemka."

"Haijachemka, baba."

Akaweka kikombe chini, akaenda mlangoni, akaikaza kamba ya sanduku kwa mikono yake mwenyewe.

"Anza na hodi," alisema. "Kahawa itangoja. Alois, shika upande huo."