Nilivunja Uchumba kwa Sababu ya Geji ya Turbo

Admin, jina langu lifiche. Aina ya gari nayo siitaji, maana Kibiti hii yako mawili tu ya namna hiyo, na mwenye jingine ni mwanaume.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36. Nanunua kamba wa baharini Salale na kuwauza mjini. Nilianza na ndoo moja kichwani, leo nina friza nne, na hakuna aliyenishika mkono. Sina mtoto. Nina gari: dogo, la chini, lina turbo na gia za mkono. Watu wanasema mwanamke wa kamba anunue pikapu. Pikapu ninayo. Hili ni la roho yangu.

Kulichagua kulinichukua miezi minane. Niliyakataa matano. Hili la sita fundi alipima mgandamizo wa silinda zote nne, zikakaribiana sana. Baba yangu, ninayeishi naye, aliyeendesha malori ya boriti na mpunga miaka thelathini, akaweka sikio kwenye boneti akasema, "Mama, hili lina mapafu. Chukua." Nikachukua. Oil namwaga kila kilomita 4,000. Nikifika nyumbani naliacha lingurume dakika mbili ndipo nazima, turbo ipoe. Majirani wananicheka, "Bosi wa kamba, gari limegoma kuzimika?"

Salale hakuendeki na gari, ni boti. Nikienda huko siku tatu nne, gari linabaki uani, na ufunguo wa akiba anabaki nao mchumba wangu, mwalimu wa sekondari, mtu wa Tabora, ili aliwashe betri isife. Aliwashe tu. Asitoke nalo.

Mwezi uliopita nilirudi, nikawasha, gari likaruka mbele nusura liue kuku. Limeachwa kwenye gia ya kwanza! Nikatazama geji. Geji yangu ya turbo, inayopima presha ya upepo, inahifadhi namba ya juu kabisa iliyofikiwa, na mimi huifuta kila ninapoondoka. Ilisoma 1.2. Mimi barabarani siipitishi 0.8. Joto la oil lilifika nyuzi 121. Kilomita zimeongezeka 66, yaani Ikwiriri na kurudi.

Nikamwita Mwalimu.

"Umekwenda nalo Ikwiriri?"

Akatupa jicho kwenye dirisha la chumba cha Baba. "Ndiyo."

"Ulikuwa unashindana na nani?"

"Sikushindana na mtu."

"Yaani umelikimbiza hivi, hata kulipoza hukulipoza, halafu unanijibu kama unaagiza chai?"

"Nisamehe, mwenzangu. Kosa ni langu."

Alikubali upesi mno, nikaona ni dharau. Zilikuwa zimebaki wiki tano tufunge ndoa. Nikamwambia aache ufunguo mezani, na wazee wake awaambie hakuna ndoa. Baba alikuwa barazani, alisikia kila neno. Alikohoa tu.

Wiki mbili baadaye nikaenda tena Salale. Ufunguo mmoja mfukoni, wa akiba nimeufukia ndani ya pipa la mchele. Narudi, gari liko uani, gia ya kwanza, na jiwe limewekwa nyuma ya tairi. Geji inasoma 1.1, na pipani ufunguo umerudishwa juu juu tu. Kioo cha pembeni, kushoto, kimejikunja na kina vumbi la mkaa.

Ndugu zangu, lile jiwe. Baba maisha yake yote hakuwahi kuamini handbreki. Lori lake alikuwa akiliegesha hivyo hivyo: gia ya kwanza na jiwe. Ile mara ya kwanza nilikodolea namba macho, gia sikuifikiria kabisa.

Nikaenda barazani. "Baba, umemgonga nani?"

"Sijagonga mtu mie. Alikuwapo mmoja na baiskeli ya mkaa, magunia yamejaa njia. Nimempita salama."

"Ulimwona?"

"Nimempita, nakwambia."

"Baba. Ulimwona, au ulimsikia?"

Nikamnyooshea vidole vitatu. "Vingapi hivi?"

Akageuza uso. "Mama, mie si mtoto wa kuhesabishwa vidole."

Nilimpigia simu Mwalimu. Akanieleza yote. Jicho la kulia la Baba halioni mwaka mzima sasa, la kushoto linaona ukungu. Yeye ndiye aliyempeleka kwa daktari, wakaambiwa ni mtoto wa jicho, inafaa apasuliwe. Baba akakataa, akamwapisha nisijue: "Akijua ataniweka kitini kama mzigo." Kisha akamwomba amwache ashike usukani mara moja tu kabla giza halijamfika. Mwalimu akakaa pembeni akimwelekeza, kulia, kushoto, lori linakuja. Mpaka 1.2, jamani! Na mwenye macho kakaa kiti cha abiria.

Hapo ndipo ninapokwama. Huyu mwanaume alikubali kupoteza ndoa ili kuficha aibu ya baba yangu. Ni huyu huyu aliyemtia kipofu barabara kuu wanakopita watoto wa shule. Angenieleza siku ile ile, yule wa mkaa asingekuwa amekoswa kwa upana wa kioo tu. Mwenyewe hata hajui kwamba aliyempita haoni.

Nimemwambia Baba nauza gari. Akasema, "Liuze, nami nijue nimeshazikwa." Hospitali atakwenda kwa sharti moja: akitoka, aliendeshe hadi Ikwiriri, mimi nikae pembeni. Daktari naye hawezi kutuahidi ataona kiasi gani. Sasa namwahidi nini? Nikimwahidi halafu macho yasirudi, nitamwambiaje? Na wazee wa Mwalimu wanakuja Ijumaa kuuliza kama neno langu ni lile lile.

Naandika haya funguo zote mbili nimezifunga kiunoni. Baba yuko uani anaosha gari. Analiosha kwa kupapasa. Amekifikia kile kioo, amekifuta mkaa, anakirudisha mahali pake taratibu.

Nipeni mawazo, ndugu zangu, Ijumaa haiko mbali. Ahadi hiyo nimpe Baba? Na Mwalimu nimrudie, au nimshukuru tu kisha aende zake?